Mamba Aliyevaa Bangili

Watu wa siku hizi wakisikia habari ya mafuriko ya Sabaki hudhani ilinyesha mvua kwetu. Haikunyesha. Malindi palikuwa pakavu, kisima cha nyumbani kwangu Muyeye kilikuwa kikitoa matope, na wanawake wakigombania zamu ya debe. Mvua ilinyesha huko bara juu, kwa watu tusiowajua, na mto ukatuletea maji yao. Asubuhi mto ulikuwa mahali pake. Adhuhuri ulikuwa mashambani, mwekundu kama udongo wa kukandika nyumba, umebeba ng'ombe, maboga na mapaa ya watu.

Hizi ni zamani za Wajerumani wakiwa bado Tanga, kabla Wazungu hawajaanza vita vyao na kutubebesha mizigo.

Mimi nilikuwa nikiuza boriti za mikoko. Nilianza kwa kubeba boriti za wengine begani mpaka bega likaota sugu, kisha nikawa na zangu. Sikurithi kitu. Chuoni nilikaa kadiri ya kujua alifu na be na jinsi fimbo inavyouma, basi. Kuandika huku nimejifunza ukubwani, na asiyeupenda mwandiko wangu asisome. Nilikuwa na mtumbwi wa mwembe, mrefu, mwembamba, wa kupenya kwenye vijito vya mikoko ambako mashua haifiki.

Askari wa Liwali alipita mjini akiuliza nani ana chombo. Wenye mashua wakasema tungoje maji yatulie. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo. Mashua katikati ya minazi na visiki ni ngamia aliyeingia chooni: hageuki, harudi. Lakini mtumbwi unapita. Watu wameniuliza miaka yote nilipata nini. Sikupata kitu. Nilikwenda kwa sababu mtumbwi ulikuwa wangu, nao watu walikuwa majini.

Nilikwenda na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ambaye kwa desturi yetu nina ruhusa ya kumtukana na yeye ana ruhusa ya kunirudishia.

"Ukifa leo," akaniambia tukiusukuma mtumbwi, "dada yangu nitamwoza mtu mwenye pua ya kutazamika."

"Na wewe ukifa sitakulilia. Nitauza kafi lako."

Tulivyoanza ndivyo hivyo.

Nchi kavu ilikuwa penye mchanga wa juu, upande wa Malindi. Pale wanawake wa mjini waliweka mafiga wakapika uji. Mhindi mmoja mwenye duka la nafaka alifungua magunia yake ya mahindi akasimama kuyagawa mwenyewe, suruali imekunjwa magotini, akigombana na kila mtu na kumpa kila mtu. Sisi kazi yetu ilikuwa kuwatoa watu mitini na juu ya mapaa, kuwateremsha pale, na kurudi. Yuko mzee aliyekataa kupanda mpaka tuchukue kuku wake. Tukamchukua kuku. Yuko mwanamke ambaye neno lake la kwanza, baada ya kukaa juu ya paa na njaa, lilikuwa kuuliza kama uji una chumvi. Hawa ninawakumbuka vizuri, na nikiwakumbuka hucheka. Kuna wengine tuliwafikia tukiwa tumechelewa. Hao siwaandiki.

Walionisababisha kushika kalamu ni watu wa kichuguu.

Tulikuwa tumeteremka na mkondo, mbali kuliko nilivyopenda, shemeji aliposikia mtoto akilia. Si kilio cha mtoto mkubwa. Ni kile kilio chembamba cha mtoto ambaye kitovu chake hakijakauka. Tukakifuata. Kati ya maji kulikuwa na kichuguu, labda ukubwa wa ukumbi wa nyumba, na tulipokaribia nikaona jambo lililonitia hasira. Katikati ya kichuguu umesimamishwa mkeka kwa vijiti viwili. Upande huu ameketi kijana wa Kigiriama, mgongo ameupa mkeka. Upande wa pili mwanamke wa makamo, na binti aliyejifungua, na hicho kitoto kimefungwa kaniki. Nikajisemea, watu hawa maji yanawala nao wamenuniana.

"Mmegombana nini?" nikamuuliza kijana kabla sijamsalimu.

"Hatukugombana," akasema. "Yule ni mkwe wangu."

Basi nikafahamu. Kwa wenzetu hao, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawagusani. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na ni kubwa kuliko salamu zetu zote za mjini. Mama alikuwa amekuja kumuuguza mwanawe aliyetoka kujifungua, mto ukawakusanya wote mahali pamoja, nao jambo la kwanza walilookoa katika nyumba ile ni mkeka wa kuwatenga.

Wakati tunazungumza, kipande cha kichuguu kikameguka kikaingia majini kimya. Wote tulikiona.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Ingieni."

"Marahaba. Mchukue mwanangu na mtoto," akajibu. "Na huyo mwingine aende nao. Mimi nitangoja."

"Utangoja nini? Pahala penyewe panaliwa."

"Nimeona panaliwa. Nina macho."

Binti akasema, hata hakuinua kichwa, "Mama asipoingia, na mimi siingii."

Yule kijana naye akanena na mimi, lakini maneno yalikuwa ya kumfikia mkwewe. "Mwambie mama aende yeye. Nitabaki mimi."

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Kurudi tulikotoka hatukuweza, mkondo ulikuwa mkali, pondo, ule mti wa kusukumia chombo, halifiki chini. Njia ilikuwa moja, kukata mashamba kwa ubavu mpaka mchangani, na mashamba yale yalikuwa yamefyekwa mwaka ule ule. Chini ya maji kulikuwa na visiki, maboma ya kuzuia nguruwe mwitu ya miti iliyochongwa ncha, na visima. Kisiki kimoja kikipasua mtumbwi tumekwisha sote. Shamba lile alilifyeka yule kijana kwa mkono wake. Bila yeye sijui pa kupita.

"Ukibaki wewe," nikamwambia, "visiki atanionyesha nani? Mkeka?"

Nikamgeukia mama. "Mama, ingia."

"Chombo chenyewe upana wake wa nyonga moja," akasema. Hakupandisha sauti. "Magoti ya huyo yatagusa mgongo wangu. Nikifika nchi kavu nitakuwa nani?"

"Utakuwa mtu aliye hai."

"Walio hai ni wengi."

Nilikuwa sina subira, na mpaka leo sina. Nikapiga kelele, "Maji hayana mkwe!"

"Na wewe unaye," akasema, "au ulioa kwa maji?"

Shemeji yangu akacheka. Katika hali ile, akacheka. "Leo amepatikana wa kukuweza."

Kipande kingine kikameguka, hiki kikubwa, na kijiti kimoja cha mkeka kikaenda nacho. Mkeka ukainama. Kijana akageuza uso upande wa maji upesi, asije akamwona mkwewe. Nasema kweli, mauti yako hatua chache naye anageuza uso. Nilitaka kumpiga. Sasa ni mzee, sitaki tena kumpiga.

Shauri alilitoa shemeji. Ndani ya mtumbwi tulikuwa na kamba ya makumbi ya nazi, ile ya kufungia boriti. "Huyu tumfunge tumburure nyuma," akasema. "Atakuwa majini, si chomboni. Mama atakaa chomboni, si majini. Visiki atavitaja kwa mdomo. Kuna mila inayokataza sauti?"

Mama akafikiri. Hakika alifikiri, tena kwa utaratibu, kama mtu anayechagua kitambaa. "Sauti haikatazwi," akasema, "ikiwa haniambii mimi."

Binti ndiye aliyeuliza la mamba, kwa sababu Sabaki ina mamba, kila mtu anajua. Mumewe akasema, "Mamba leo wameshiba ng'ombe. Watanitaka mimi niliyekonda?" Akajifunga kamba kifuani, akaingia.

Tulikaa hivi. Mimi mbele na pondo. Nyuma yangu binti na kitoto, kisha mama, kisha shemeji nyuma kabisa na kafi, na panga chini ya miguu yake. Nyuma ya shemeji kamba, na mwisho wa kamba kichwa cha yule kijana. Mama aliung'oa mkeka kwa mkono wake, akaingia nao, akausimamisha mgongoni pake kama ukuta. Akaangalia mbele. Kwa shida kama ile nimewaona watu wakishika Kurani, nimewaona wakishika hirizi. Yeye alishika mkeka.

"Kushoto!" sauti ya kijana inatoka nyuma. "Mwambie aende kushoto, pana mvule nimeuacha nusu!" Nami naenda kushoto. "Sasa sawa. Sawa. Hapo kisima, hapo usitie pondo!" Kila alilosema lilikuwa kweli. Mara pondo langu liligusa kisiki ubavuni, shibiri tu kutoka kwenye chombo, nikahisi kinapita chini kama mgongo wa mnyama. Binti alikuwa ameinua mtoto begani, maji ya chomboni yamefika kwenye vifundo vya miguu, anayachota kwa kifuu kwa mkono mmoja. Hakulia. Mchanga ulianza kuonekana, na moshi wa mafiga ya wale wanawake.

Ndipo kamba ikanasa.

Kulikuwa na mti umezama, matawi hayaonekani. Sisi tukapita juu yake, kamba ikazama ikajifunga. Mtumbwi ukasimama ghafla kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba yake, halafu mkondo ukaupiga ubavuni na kuanza kuulaza. Maji yakaingia kwa upande mmoja. Nikatia pondo, pondo likapinda. Nikajua tukikaa hivyo kwa muda wa mtu kusoma Fatiha, tumepinduka, na mzazi na kitoto watakuwa wa kwanza.

Nikaita, "Kata!"

Shemeji akaliokota panga. Akanitazama.

"Kata kamba!"

Sijuti kusema hivyo, na anayetaka nijute na aje anionyeshe yeye angefanya nini. Mmoja dhidi ya watano, na kati ya watano mmoja ana umri wa matone ya maziwa. Hata kijana mwenyewe alifahamu. Alikuwa amelifungua fundo la kifuani, sasa anajivuta kwenye ule upande wa kamba uliotoka mtini hadi kwetu, mkono baada ya mkono, amefika karibu na tezi, mwisho wa nyuma wa mtumbwi, lakini bado hajafika, maji yanampiga usoni. Alipopata pumzi alisema neno lile lile nililosema mimi. "Kata."

Shemeji akainua panga.

Mkeka ukaruka. Niliuona ukipita kando yangu majini, umejitandaza, unakwenda zake. Nikageuka. Mama amepanda juu ya miguu ya shemeji, amelala kifudifudi kwenye tezi, mkono umetoka nje wote mpaka kwapani. Akamshika mkwewe kifundo cha mkono. Hakumshika nguo, hakumshika kamba. Alimshika mwili. Na uso wake ulikuwa juu ya uso wa yule kijana, karibu kama tunavyokaribiana tukinong'ona, wanatazamana.

"Sasa kata," akasema.

Shemeji akapiga mara moja. Mtumbwi ukaruka mbele ukajinyoosha. Kamba ikabaki na mti, kijana akabaki na mkono wa mkwewe. Hakuweza kupanda, tungepinduka, kwa hiyo mama alimshika vile vile, amelala vile vile, mpaka mwisho. Alikuwa amevaa bangili ya masango, ile waya ya shaba iliyozungushwa, na bangili ile ilikuwa imeteremka hadi kiganjani, ikimkata kijana kifundoni. Damu iliingia majini. Yeye hakusema kuwa inamuuma, na mama hakusogeza mkono. Wala hawakusema neno jingine. Visiki vilivyobaki nilivipita kwa bahati ya Mungu.

Binti alikuwa mbele, ametazama mbele. Kama aligeuka, mimi sikumwona.

Miguu ya kijana ilipogusa matope, mama aliachia. Akageuka papo hapo, akamwomba mwanamke wa kwanza aliyekuja mbio leso yake, akajifunika uso, akaenda kukaa mwisho kabisa wa kambi, nyuma ya magunia ya Mhindi. Kijana akaenda upande mwingine ameushika mkono wake. Mtu akija pale wakati ule angesema watu hawa hawajawahi kukaribiana maishani.

Nilikuwa nakunywa uji mama aliponijia. Leso bado usoni.

"Umeona nini?" akaniuliza.

Nilimtazama. Kule majini nilidhani haogopi kitu. Sasa alikuwa akilisokota pindo la leso kwa vidole. Wazee wao wangeamua nini juu ya mkono ule, juu ya ndoa ya binti yake, mimi sijui. Yeye alijua.

"Nimeona maji, mama."

"Na huyu mwenzio?"

"Huyu? Huyu hata mkewe hamwoni sawasawa."

Shemeji akasema, "Kweli, mama. Mimi macho ni ya kuombea sadaka tu."

Hakucheka. "Mdomo wako mpana," akaniambia mimi.

"Mpana, lakini una mlango."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Tulifanya kazi pale mpaka maji yakarudi mtoni na watu wakarudi kwenye matope yaliyokuwa nyumba zao. Niliwapa baadhi boriti za kujengea. Sikumwona tena.

Miaka ikapita, vita vikaja vikapita. Siku moja nilikwenda Mariakani, kule linakosimama gari la moshi, kununua mbuzi. Nikasikia kicheko sokoni, nikasogea. Mtu mzima amezungukwa na wanunuzi, ameinua mkono, kifundoni pana kovu limezunguka kama pete.

"Mamba wa Sabaki," alikuwa akisema. "Alinishika hapa, hakuniachia mpaka nchi kavu."

"Mwongo! Mamba huvuta mtu chini, havuti mtu pwani."

"Huyu alikuwa mamba wa kike."

"Wewe ulijuaje wa kike?"

"Alivaa bangili."

Watu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka. Aliniona, akanitambua, akateremsha mkono. Tulipokwenda pembeni akaniambia kuwa kila anapokwenda watu humuuliza kovu lile ni la nini, na yeye si mtu wa kusema uongo, basi husema kweli kwa namna ambayo hakuna atakayeiamini.

"Na huyo mamba yu hai?"

"Yu hai. Yuko Kibarani, kwa mwanawe wa kiume. Kila mavuno mahindi mabichi ya kwanza ya shamba lake ni yangu, huyaleta mjukuu. Akija kumtazama binti yake mimi natokea mlango wa nyuma." Akalitazama kovu. "Tangu siku ile sijamwona uso. Lakini naujua. Ningeweza kuuchora hapa mchangani."

Sikuweza kurudi Malindi moja kwa moja. Nilishuka Kilifi nikauliza Kibarani mpaka nikamkuta. Alikuwa amezeeka, ameketi kizingitini akipukuchua mahindi. Nilipomsalimu aliijua sauti kabla ya sura.

"Yule mwenye mdomo," akasema. "Kaa. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Mkono?"

"Mzima. Una kovu."

Akapukuchua gunzi zima. "Watu wakimuuliza anasema nini?"

"Anasema mamba."

"Mamba gani?"

"Mamba aliyevaa bangili."

Nilimwona akijizuia. Mabega yakaanza, kisha kicheko kikamshinda, punje zikamwagika miguuni, mkaza mwanawe akatoka ndani kutazama kuna nini. "Huyu mgeni," mama akamwambia, "ananisimulia habari za wanyama." Mkaza mwana aliporudi ndani, akanishika goti. Mkono ule ule. Hakuwa na bangili.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Hata mkeo?"

"Hata mke wangu. Na kakaye hakumwambia."

"Basi mlango upo," akasema, akarudia mahindi yake.

Alikufa kabla ya mkwewe. Mkwewe naye amekufa. Shemeji yangu tulimzika mwaka juzi. Nililia, na kafi lake sikuliuza, liko hapa ukutani juu ya kichwa changu. Nimebaki mimi peke yangu niliyeuona mkono ule, na mimi sina siku nyingi. Nisingependa uondoke nami kama kwamba haukuwahi kuwapo. Kwa hiyo mlango nimeufungua. Majina nimeyaacha ndani.